Majivu na Ndimu juu ya Feza ya Henri

Watu wengine wanakusanya ng'ombe. Henri, infirmier, ndiye muuguzi, wa misioni pale Beni, alikusanya feza ya wafalme waliokufa. Mama mumoja Mwingereza aliyefanya kazi naye zamani alikuwa akimutumia kipande kimoja cha sarafu ya kale kila Noeli, hata vikafika kumi na kimoja: vyembamba, vyeusi, vilivyogongwa kwa nyundo miaka mia saba iliyopita, hakuna viwili vilivyofanana. Muke wake Kavira alivicheka. Feza gani hii, alisema, hata chumvi hainunui.

Mwaka wa 2002 wapiganaji wakamukamata Henri kwenye barabara ya Eringeti. Walitaka dola mia tatu, la sivyo mazishi. Ndipo Kavira akakumbuka kile kikopo ambamo Henri aliviweka vipande vyake. Muyisa, anayepitisha mizigo ya watu mupakani Kasindi, alijua Muzungu mumoja wa Kampala anayenunua vitu kama hivyo. Akatuma neno kwamba mia nne zitapatikana. Ee Nyamuhanga, Mungu wetu, Kavira aliimba siku ile!

Lakini mwanamuke wa Kinande hapeleki kwa watu kitu kichafu. Akachukua majivu na ndimu, akasugua tangu asubuhi mpaka vidole vikawaka, nyuso za wafalme zikang'aa kama sufuria mupya. Hakuuliza mutu. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, na kila siku tunasahau.

Kule Kasindi Muyisa alifungua kikopo, akageuza kipande kimoja kimoja. Kisha akamueleza polepole: ule weusi ndio ulikuwa umri wa feza, na feza iliyosuguliwa wakusanyaji hawaigusi. Muzungu hatachukua hata kipande kimoja. Kavira alirudi Beni akijua amemuua mume wake kwa mikono yake mwenyewe.

Waliomukomboa ni wengine. Kanisa lilichanga, Jokébed, dada ya Kavira, akauza mbuzi wake wote, shemeji anayekaa kule Kipese akauza viazi vikiwa bado udongoni. Siku ya tisa Henri akaingia nyumbani, amekonda, anaburuta muguu mumoja. Hajamaliza hata maji ya kunywa, Kavira akaweka kikopo mbele yake, akamuita kwa jina la mutoto wao.

"Niliviharibisha, Papa Shekinah. Nilitaka vipendeze. Kama ingekuwa mimi tu, ungekuwa umekwisha kufa."

Henri akageuza kipande kimoja kwenye mwanga wa mulango. Alivipenda sana, na uchungu ulionekana usoni waziwazi. Kisha akakirudisha.

"Ni mimi ulikuwa unatafuta," akasema. "Si feza."

Kavira, ambaye siku tisa zote hakutoa chozi, akaketi chini kando ya muguu wake mubovu, akalia kwa sauti.