Barafu ya Kwanza

Bomba la jikoni lilikohoa mara mbili, likatema matone matatu, likanyamaza.

Mama Chiriku alibaki amesimama na mpira wa maji mkononi. Upande mmoja wa mpira ameuchomeka bombani, upande wa pili umepita dirishani hadi kwenye mdomo wa tanki huko nje. Akalifunga bomba, akalifungua tena. Akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemwamsha mlevi. Kimya. Akatoka nje na kulifuata kwa macho bomba la plastiki lililotokeza ukutani. Lilishuka, likapita juu ya mchanga, likaenda kuishia palepale, chini ya tanki alilokuwa ametoka kulisugua sasa hivi.

Bomba la jikoni lilikuwa likinywa kutoka kwenye tanki, na tanki alikuwa amelimwaga lote kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, siku yao ya pili kisiwani. Huko walikotoka, mama huyu alikuwa amehama vyumba saba katika miaka sita, na kila chumba alikiingia kwa namna moja. Kwanza alimwaga maji ya watu, yaani yale yaliyoachwa kwenye pipa na wapangaji waliotangulia, kisha akasugua pipa, kisha akafungua bomba akajaza yake. Mama yake alimlea hivyo, na hakuwahi kujiuliza bomba linapata wapi. Kwa hiyo alipokuta nyuma ya nyumba tanki jeusi la lita elfu tano, maji yake yakinukia majani yaliyooza, hakufikiri mara mbili. Alizungusha koki ya chini. Mchanga ule ukayameza maji yote kama mgonjwa wa homa, bila kuacha hata dimbwi. Halafu akajipenyeza ndani na brashi, akasugua hadi mabega yakawaka moto, huku Chiriku akimchungulia kutoka juu ya ngazi na kumuuliza maswali.

Chiriku alikuwa na miaka sita, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Mdogo wake wa kiume, Bonge, alikuwa na miezi kumi na paja la mtu mzima.

"Mama, sasa maji mapya yanatoka wapi?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

"Yanatoka kwenye meli. Yule bibi wa jana alisema. Kwani hukumsikia?"

Alimsikia. Alikuwa amechoka na safari, mtoto akimlilia begani, lakini alimsikia. Bibi huyo alikuwa msimamizi wa nyumba za wafanyakazi, na wafanyakazi walimwita Bi Rula kwa ile fimbo ndefu yenye alama aliyotembea nayo. Aliwahi kufanya kazi miaka mingi huko walikotoka wao, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama fimbo yenyewe. Kisima cha hapa ni cha chumvi, alisema, ni cha kufulia tu. Maji ya kunywa ni ya mvua, na mvua bado. Meli ya maji huja mara moja kwa mwezi. Kila Ijumaa napima matanki. Nyumba itakayomaliza maji kabla ya meli, mfanyakazi anabaki, familia inarudi na meli hiyohiyo.

Hayakuwa maneno matupu. Nyumba ya jirani ilikuwa ya fundi wa kuchomelea vyuma, na mkewe na watoto walikuwa wamerudishwa mwezi uliopita. Kizingitini pake bado kulikuwa na kandambili moja ya mtoto, ya rangi ya waridi, iliyosahaulika.

Mama Chiriku aliitazama kandambili hiyo. Miaka miwili na nusu, ukiondoa likizo moja fupi, alikuwa ameishi na sauti ya mume kwenye simu. Bonge alizaliwa baba akiwa ng'ambo, na Chiriku alifika mahali pa kuibusu simu kabla ya kulala. Miaka hiyo yote mume, fundi wa majokofu katika ghala la samaki, alikuwa akisema kisiwa si mahali pa watoto. Yeye alibembeleza, akanuna, akaenda masomo ya jioni ili aweze kujaza fomu za kibali mwenyewe, hadi mume akalegea. Lakini alilegea kwa sharti. "Likitokea jambo moja, Mama Chiriku. Jambo moja tu, mnarudi. Sitaki kuzika mtoto ugenini."

Na jambo lenyewe ndilo hili, kabla hata hawajamaliza kufungua mabegi.

Jikoni kulikuwa na ndoo moja iliyojaa, sufuria kubwa, na birika. Akazifunika zote kwa haraka, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Kisha akachuchumaa mbele ya bintiye.

"Chiriku. Hili la tanki tusimwambie baba. Ni siri yetu, sawa?"

"Kwa nini?"

"Atahuzunika."

Mtoto akafunga mdomo kwa vidole viwili. Ilikuwa mara ya kwanza mama yake kumwona akiufunga.

Jioni mume alirudi, mikono imepauka kwa baridi ya vyumba vya samaki. Mkewe alimtengea ndoo ya maji ya kisima bafuni mapema, asije akafungua bomba. Mume akaiangalia ndoo, akamwangalia mke.

"Bomba lina nini?"

"Halina kitu. Nimeona tuyatunze ya tanki."

"Umekuwa mwenyeji haraka," alisema, akacheka kidogo. Alipotoka kuoga alipitia nyuma kuanika taulo, akakawia huko. Mkewe alisimama jikoni na mwiko hewani, anahesabu pumzi. Mume akarudi, akamnyanyua Bonge na kumpulizia tumboni.

Jumanne saa kumi jioni alirudi na ndoo mbili za barafu, zimefunikwa kwa gunia safi.

"Ya nini yote hiyo?" mke aliuliza.

"Mashine mpya ya barafu tunaijaribu wiki hii. Barafu ya kwanza inayotoka inatupwa, na ni safi kabisa, haijagusa samaki. Nikasema niwaletee watoto wachezee."

Chiriku alilamba kipande hadi midomo ikafa ganzi na, kwa mara ya pili siku hizo, akanyamaza. Mume alipoingia ndani kubadilisha nguo, mama aliwanyang'anya watoto barafu, akaimimina kwenye sufuria akaifunika. Asubuhi ilikuwa maji. Alimshukuru Mungu kwa mashine hiyo mpya.

Jumatano barafu ilikuja tena. Alhamisi pia. Mama Chiriku alijikaza kisabuni. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yakapiga deki, ya deki yakaenda chooni. Nguo na nepi alifua kwa maji ya kisima, zikakauka ngumu kama makaratasi. Bonge alifutwa kwa kitambaa chenye unyevu, akalalamika kama mzee aliyenyimwa haki yake. Yeye mwenyewe alikunywa vikombe viwili kwa siku, akidai tumbo limejaa. Kichwa kilimgonga kuanzia mchana. Kila mlango ulipogongwa aliruka. Na kila alipolala alimwona Bi Rula akipanda ngazi, akitumbukiza fimbo, fimbo ikigonga sakafu kavu ya tanki kwa sauti ya jeneza.

Kilichomvunja hakikuwa kiu.

Ilikuwa Alhamisi hiyohiyo, mezani, jua bado limeegemea dirisha. Baba alimvuta Chiriku magotini, akamnusa shingo kwa utani.

"Wewe kachiriku, leo umeoga?"

"Nimeoga, baba," mtoto akajibu. "Nimeoga na sabuni. Maji yalikuwa mengi hadi yakaingia machoni."

Alisema bila kupepesa, akaongezea na kale kadokezo ka macho, kama mtu mzima anayejua uongo unahitaji kitoweo. Hakuwa ameoga siku mbili. Kisha akamgeukia mama yake, akamtazama akingoja kusifiwa.

Mama Chiriku aliweka kijiko chini. Miaka yote aliyopigania mtoto huyu aishi na baba yake, na siku nne zimetosha kumfundisha kumdanganya.

"Chiriku, nenda ukamchezeshe mdogo wako chumbani."

Mtoto alipoondoka, alimtazama mume usoni.

"Baba Chiriku, tanki halina maji. Nililimwaga Jumatatu. Nilidhani bomba linaleta maji kutoka nje, kama kule kwetu. Nililimwaga lote nilisugue."

Alingoja kishindo. Mume aliendelea kukata kipande cha mkate, polepole, akakiweka mbele yake.

"Kula. Umekonda uso."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nilijua tangu Jumatatu."

"Ulijuaje?"

"Mimi ni fundi, mama. Nililigonga kwa kidole nilipoanika taulo. Tanki lenye maji haliitiki vile."

Mke alikisukuma kando kipande cha mkate. "Ina maana barafu..."

"Mashine inajaribiwa kweli. Barafu ya kwanza inatupwa kweli. Nilimwomba mkuu wa ghala, akaniambia beba tu." Akasugua viganja vyake vilivyopasuka. "Ila watoto kuchezea, hapo nilitia chumvi."

"Na ukaniacha nife kwa hofu siku nne? Nakunywa vikombe viwili kama ndege, wewe unaniangalia tu?"

"Ulitaka niseme nini? Nilishakuapia, jambo likitokea mnarudi. Ningefungua mdomo, ningelazimika kutimiza." Sauti yake ilishuka. "Miaka miwili na nusu nimekula peke yangu kwenye meza hii. Nikajiambia, akinyamaza yeye na mimi ninyamaze, labda meli itafika."

Wakabaki wakitazamana, watu wazima wawili waliokuwa wakicheza kibe, ule mchezo wa kujificha, katika nyumba ya vyumba viwili. Mke alitaka kucheka. Alitaka pia kumrushia mkate.

"Kesho ni Ijumaa," alisema.

"Kesho nitamwambia mimi ndiye niliyeacha koki wazi. Mimi hawanirudishi kirahisi, mashine zao nani atazitazama?"

"Hapana."

"Mama Chiriku..."

"Chiriku atakuwa amesimama pale anasikiliza. Umemsikia alivyodanganya leo? Alivyonyooka? Nimemfundisha mimi. Sitaki aone na baba yake naye anaweza."

Hawakukubaliana. Waliamka hawajakubaliana, na saa mbili asubuhi Bi Rula alipoonekana akitokea upande wa nyumba ya kandambili, fimbo begani, kila mmoja alikuwa na maneno yake mdomoni. Mume alikuwa amechelewa kazini kwa makusudi.

"Hamjambo hapa," Bi Rula alisema, akiegemeza ngazi.

"Hatujambo, bibi. Hili tanki, mimi..." mume alianza.

"Bibi, usipande," Mama Chiriku akamkata. Alimhamishia Bonge upande wa pili wa kiuno. "Utajichosha bure. Ni kavu. Nililimwaga mimi Jumatatu, kwa kutojua. Mume wangu hakuwepo."

Bi Rula alibaki na mguu mmoja kwenye ngazi. Hakukunja uso, na hilo lilitisha zaidi. Akapanda hata hivyo, akafungua mfuniko, akatumbukiza fimbo. Ikagonga: ko. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Umelisugua kwa kitu gani?" sauti yake ilirudi na mwangwi wa tanki.

"Brashi, bibi. Na kucha."

Akashuka. "Mmeishije siku tano?"

Mama Chiriku akampeleka jikoni. Alimwonyesha sufuria ya barafu iliyoyeyuka, beseni la vyombo, ndoo ya deki, ndoo ya choo, zimepangwa mstari mmoja kama wagonjwa wanaomngoja daktari, kila moja ikirithi ya mwenzake. Bi Rula alichovya kidole katika kila moja, akanusa.

"Na hii barafu?"

"Ni ya kwanza, ya kujaribia mashine," mume alisema. "Mkuu wa ghala ameniruhusu. Muulize."

"Nitamuuliza." Akamgeukia mke. "Mke wa fundi wa kuchomelea alinificha wiki tatu, akijazia tanki maji ya kisima ili fimbo isimshike. Nikaja kukuta watoto wanakunywa hayohayo. Mdogo alivimba uso. Sikumrudisha kwa sababu ya maji, mama. Nilimrudisha kwa sababu sikuweza tena kumwamini na watoto wake."

Bi Rula akafuta kidole chake kilicholowa.

"Meli inafika baada ya siku tisa. Leo siandiki kitu. Kila asubuhi nitapita kuwaangalia hawa wawili, macho na ulimi. Nikikuta mmoja amekauka, au mtu akaniambia yuko sawa na hayuko, wewe na wao mtapanda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Bi Rula akaichukua fimbo yake. Mlangoni akasita, akamtazama Chiriku aliyekuwa amejificha nusu nyuma ya kanga ya mama yake.

"Na wewe? Umekunywa maji leo?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alimwacha.

"Kikombe kimoja," Chiriku alisema. "Nataka kingine."

"Mpe," Bi Rula akasema, akaenda zake nyumba inayofuata.

Mama Chiriku alichota kikombe kwa uangalifu, asimwage tone. Mume alivaa kofia yake ya kazini, akachukua zile ndoo mbili tupu. Chiriku alikunywa hadi mwisho, akafuta mdomo, akahesabu vidole tisa na kimoja kikabaki.

"Mama, sasa baba akiniuliza kama nimeoga, niseme nini?"

"Sema hujaoga."

"Hata asiposema," baba akadakia kutoka nje, "tunasikia harufu hadi ghalani," akashika njia ya kazini, ndoo zikigongana.