Kadi za Agyeiwaa

Barua ya mwaliko ilikuja kwa jina la mkewe, Agyeiwaa, aliyekuwa kaburini mwaka mzima sasa. Donkor aliigeuza mara tatu. Mkewe aliomba kuhudhuria mkutano huo wa wafanyabiashara wachanga akiwa mzima, wakamjibu akiwa marehemu. Hao ndio wakubwa wetu wa serikali.

Alikwenda kwa sababu ya chupa. Agyeiwaa alimwachia karakana ya shito, pilipili ya samaki wakavu, na wanawake watatu wa kuikaanga. Wakubwa walipopandisha ushuru wa chupa, muuza chupa alifunga duka. Zilibaki chupa za wiki moja. Zikiisha, wale wanawake waende makwao.

Katika hoteli ya mkutano, mjini Kumasi, alikaa mbele kabisa kumsubiri mheshimiwa waziri, asikie habari ya chupa. Mheshimiwa alifika saa sita, akawasifu vijana, akaondoka na magari yake. Chupa hakuzitaja. Mara watu wakasimama, chai mkononi, wakaanza kupeana kadi.

"Wanafanya nini hawa?" Donkor alimuuliza dada aliyeketi kando yake.

"Wanajuana, baba. Toa kadi yako."

"Mkutano si umekwisha?"

"Ndiyo kwanza unaanza!"

Kadi alizokuwa nazo alitoka kuzichukua kwa mpiga chapa asubuhi ile: kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Agyeiwaa, Jumamosi, nyumbani Bantama. Zilikuwa na picha ya marehemu, na jina na simu ya mumewe. Kwani kadi si kadi? Akazigawa. Watu walizipokea wakitabasamu, wakasoma, nyuso zikasawijika.

"Pole, mzee," alisema bwana mmoja mnene, Frempong. "Lakini wewe unauza nini?"

"Shito."

"Mbona hapa pana msiba?"

"Shito ni ya huyo huyo. Mimi nimebaki na sufuria na hasira."

Wakacheka. Donkor akarudi nyumbani na aibu yake, bila hata chupa moja.

Jumamosi, wageni kumi na mmoja wasiojulikana waliingia uani wamevaa nyeusi na nyeupe. Oforiwaa, mdogo wa marehemu, alimvuta Donkor kando.

"Shemeji, hawa ni nani?"

"Sijui. Niliwapa kadi kule hotelini."

"Hujui, na umewaalika?"

"Nilikuwa natafuta chupa!"

"Kwa kadi ya dada yangu? Kichwa chako kizima kweli?"

Wageni walisali, wakaimba, wakapewa kenkey, ugali wa mahindi uliochachushwa, na shito. Frempong, yule bwana mnene wa hotelini, alifuta sahani kwa kidole.

"Hii mnaifunga kwenye nini?"

Donkor akamletea chupa.

"Kiwandani kwangu tunayeyusha vioo vilivyovunjika, tunatengeneza hizi hizi. Jumatatu nakuletea za kuanzia."

Donkor alimkodolea macho. "Kwa nini hukusema kule hotelini?"

"Uliniuliza? Ulinipa msiba, nami nikauchukua."

Nyuma yake, chini ya picha ya Agyeiwaa, mwenye duka mmoja alikuwa akimpa mwenye gari la mizigo namba ya simu, na wote wawili macho yamelowa. Donkor alisimama na bakuli mkononi. Hao walikuwa waombolezaji au wateja? Mkewe angejua, yeye ndiye aliyekuwa akijua watu.

"Shemeji," Oforiwaa alinong'ona, "wanataka shito nyingine. Niwape, au niwauzie?"

Donkor alimpa lile bakuli.

"Wapakulie tu kwanza," alisema.