Mikono ya Mwanamke wa Dirishani

Watu walimwita Madoa kwa sababu hakuwa na gauni hata moja lisilo na rangi. Hata alipovaa nguo mpya, kabla ya saa sita mchana lazima ungeona tone la bluu begani au alama ya kijani kwenye pindo. Alikuwa mchoraji. Alifanya kazi nyuma ya karakana ya kaka yake, seremala, ambaye alimtengenezea fremu na kumtania tangu asubuhi hadi jioni. Alichechemea kidogo mguu wa kulia, kwani alipokuwa na miaka minane alianguka akavunjika paja, akalazwa hospitali miezi mitatu. Mwenyewe alikumbuka machache tu ya siku zile: harufu ya dawa, na mguu uliofungwa plasta ukimuwasha mahali asipoweza kufika.

Alipofikisha miaka ishirini na miwili aliingia posta kutuma kifurushi, akakuta ukutani picha mpya ya wanawake watatu wakianua nguo kabla ya mvua. Alisahau kifurushi. Alisimama mbele ya picha ile mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anatazama jinsi mchoraji alivyoupaka upepo ndani ya shuka nyeupe bila kutumia rangi nyeupe hata kidogo.

Kesho yake alimtafuta mwenye picha. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyejulikana mjini kote kwa jina la Mashoto kwa kuwa alichora kwa mkono wa kushoto. Alimfungulia mlango, akamtazama usoni, kisha mguu, kisha mikono.

"Unachora kwa mkono gani?" alimuuliza.

"Wa kulia, mzee."

"Bado," alisema Mashoto, kama mtu anayejibu swali la mtu mwingine. Kisha akampisha apite.

Kwa miaka sita Madoa alikuwa akienda pale siku tatu kwa wiki. Aliosha brashi, alikaza turubai kwenye mbao, alitazama. Mzee hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alichanganya rangi, akakusogezea kibao uone, basi. Lakini Madoa alijifunza kwake namna ya kusubiri: kukaa na kikombe nusu siku mpaka kikombe chenyewe kikuonyeshe kivuli chake. Kama kuna mtu aliyemfanya aamini kuwa kuchora ni kazi ya maisha na si mchezo wa mtu asiye na shughuli, ni yule mzee.

Mashoto alifariki mchana, ameketi kitini, brashi ikiwa bado na rangi mbichi. Mwezi mmoja baada ya mazishi, mkewe alimwita Madoa. Alikuwa bibi mfupi, mwenye sauti kavu na mikono isiyotulia.

"Mwanangu, kuna kitu chako humu ndani," alisema, akafungua chumba cha kazi.

Kwenye stendi palikuwa na turubai kubwa ambayo Madoa hakuwahi kuiona. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha mbao, amewapa watu mgongo, anatazama dirisha. Shingo yake ilikuwa nyembamba, nywele zimekatwa fupi, gauni la kijivu. Kila kitu kilikuwa kimekamilika isipokuwa mikono. Pale ambapo mikono ingepaswa kuwa, ikichungulia ubavuni mwa kiti, palikuwa na turubai tupu.

"Amekuwa akimchora mwanamke huyu miaka ishirini," alisema bibi. "Kila mwaka anaanza upya. Anafika kwenye mikono, anakwama, anaipaka yote nyeupe. Huyu ndiye wa mwisho. Aliniambia, mwenye mikono atakuja kuimaliza. Nikamuuliza ni nani. Akasema, si yule mwenye kuchechemea?"

Madoa alisogea karibu na turubai. "Mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Alikuwa anaogopa," alisema bibi, na hakusema alichokiogopa.

Madoa alianza kazi wiki ile ile. Alikuja mchana, mwanga ukiwa umeingia vizuri. Siku mbili za mwanzo aligusagusa ukuta na pazia ili mkono wake uzoee rangi za mzee. Siku ya tatu kazi ilimchukua kabisa, asisikie hata mlango ulipofunguliwa. Alisikia tu kishindo cha birika.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, chai imemwagika sakafuni mpaka miguuni kwake, naye hana habari.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini, bibi?"

"Huo mkono."

Madoa alitazama. Brashi ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu, kama wa mtu aliyesinzia. Alicheka, maana hakujua la kufanya zaidi ya kucheka. Alirudisha brashi kulia. Baada ya dakika chache alijitazama tena, ikawa imeshahama.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Kaka yake alisimamisha randa, akamkodolea macho.

"Sasa umeanza vituko, dada. Umemrithi mzee mpaka mkono?"

"Nachezea tu."

"Chezea basi kwa kulia nione."

Madoa alishika penseli kwa kulia, akajaribu kuchora mstari mnyoofu kwenye kipande cha ubao. Ulitoka umepindapinda kama wa mtoto wa chekechea. Alijaribu tena. Jasho lilimtoka. Kaka yake, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alichukua ubao ule taratibu akaugeuza chini juu, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Kilichomtisha zaidi ni uzuri wa picha. Mkono wa kushoto haukuwahi kufundishwa, lakini ulichora kama uliozaliwa na brashi. Mwenye duka la picha, aliyekuwa akimuuzia kazi zake, alipoona tatu za mwisho alipiga makofi. "Hatimaye!" alisema. "Sikiliza, mama, hizi ukizitundika karibu na za Mashoto hakuna atakayezitofautisha." Alidhani anamsifia. Madoa alitoka pale bila kuaga. Jioni ile, akiwa mezani, maji yalimwagika kidogo kutoka kwenye bilauri. Aliongea na kaka yake kwa muda, na alipotazama chini, kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeyaburuza maji yale juu ya meza na kuchora shingo nyembamba na mabega yaliyoinama.

Alirudi kwenye turubai ya mzee akiwa amepiga moyo konde: aimalize, aachane nayo. Lakini kila mkono wa kushoto ulipofika mahali pa mikono ya mwanamke yule, uliganda. Brashi ilisimama unywele mmoja kutoka kwenye turubai na haikusogea. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Siku ya tano alihisi mtu amesimama nyuma yake, karibu mno, akivuta pumzi polepole kama anayesubiri kwa subira. Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Alitoka chumbani akamkuta bibi ukumbini anachambua mchele.

"Bibi, niambie ukweli. Mzee alikuwa anaogopa nini?"

Bibi alisukuma ungo pembeni. "Nilipoolewa naye hakuwa mashoto," alisema. "Alikula kwa kulia, aliandika kwa kulia, alichora kwa kulia. Na wala hakuwa mchoraji wa maana, Mungu anisamehe. Alikuwa fundi wa mabango. Kisha akapata kazi ya kuchora wanyama kwenye ukuta wa wodi ya watoto. Alienda na mkono wa kulia, akarudi na wa kushoto. Akaniambia wa kulia umechoka. Tangu hapo ndipo akawa Mashoto mnayemjua."

"Wodi ya watoto? Mwaka gani?"

Bibi alihesabu kwa vidole, akautaja.  Madoa alikuwa na miaka minane mwaka ule, na alikuwa amelala humo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Mama yake alikuwa mtu wa kutunza. Sanduku lake la bati lilikuwa na kadi zote za kliniki, ripoti zote za shule, hata meno ya utotoni kwenye kibiriti.

"Mama, nilipolazwa, kulikuwa na fundi anachora ukutani?"

"Kulikuwa naye. Mrefu, mpole. Alikuwa akija kukaa kitandani kwako wakati wa mapumziko, anaangalia michoro yako. Maana wewe ulikuwa huchoki, mwanangu. Manesi walikuwa wanakuletea karatasi za dawa zilizotumika upande mmoja."

"Nilikuwa nachora nini?"

 Mama yake aliinamia sanduku, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Alikuwa ni yule mwanamke. Kiti cha mbao, dirisha, shingo nyembamba, nywele fupi. Mistari ilikuwa ya kitoto, ya penseli na krayoni, lakini mkao ulikuwa ule ule wa turubai ya mzee. Na huyu alikuwa na mikono. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa kushoto, umekibana kwa nguvu, kama mzazi anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani.

"Ulimchora kila siku," alisema mama. "Yule fundi alikuomba hii, ukakataa katakata. Ukampa nyingine ambayo hukuwa umemaliza, haina mikono. Akaikunja akaitia mfukoni kama noti."

"Huyu mwanamke alikuwa nani? Mgonjwa? Nesi?"

"Ndiyo sababu niliificha," alisema mama, sauti imeshuka. "Nilikaa nawe miezi mitatu, mchana sikubanduka. Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu na hapakuwa na kiti. Nikakuuliza, huyu ni nani. Ukasema ni shangazi wa dirishani, anakufundisha kuchora. Ukasema ana mkono mzuri, lakini haumsikii, inabidi aushike."

 Nje mtu alikuwa anampigia jirani hodi, akicheka, na sauti ile ya kawaida ilimfanya Madoa atamani kulia.

"Ulipopona hukumtaja tena," aliongeza mama. "Nikamshukuru Mungu. Sikutaka kukukumbusha."

Kesho yake mchana Madoa alisimama mbele ya turubai akiwa na karatasi ile. Aliibandika pembeni kwa pini. Alichukua brashi kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa umesahau mstari mnyoofu, na ule wa kushoto akaukalia, ameubana chini ya paja.

Ilikuwa kazi ya aibu. Brashi ilitetemeka, rangi ilivuka mpaka, kidole kimoja kilitoka kinene kama gumba. Alifuta kwa tapentaini, akaanza tena. Chini ya paja mkono wa kushoto ulikuwa unapapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Nyuma yake pumzi ile ilirudi, polepole, karibu na sikio, na mara hii hakugeuka. Alisema tu kwa sauti, akiwa hajui anamwambia nani: "Nimeuona. Nakushikia. Tulia."

Alifanya hivyo siku tisa. Siku ya tisa alimaliza kifundo, na vidole vya kulia vikiwa vimekibana. Mikono ile haikuwa ya mchoraji mmoja na ule mgongo; mtu yeyote angeona. Ilikuwa migumu, imeparuzwa, lakini ilishika kwelikweli. Alipoinua brashi, pumzi nyuma yake ilivutwa ndani mara moja, ndefu, kisha ikashushwa kama ya mtu anayetua mzigo kichwani. Hakuisikia tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na damu ilipourudia ulikuwa mkono wa kawaida tu, usiojua hata kushika kijiko.

Bibi aliitazama picha kwa muda mrefu. "Amepumzika," alisema. "Acha ikae humu humu. Tutazoeana."

Mwenye duka la picha hakufurahi. Alipopelekewa picha mpya za Madoa alikunja uso, akauliza kama ameumia mkono. Madoa alisema ndiyo, kwa namna fulani. Mwaka mzima ulipita akijifunza upya: mistari, vikombe, kivuli cha mlango. Siku nyingine alikata tamaa, na kuna siku alikitamani kipaji kile cha kushoto kama mtu anayetamani kidonda alichozoea kukikuna. Aliweka mkono mfukoni mpaka tamaa ikapita.

Picha ya kwanza aliyoiona kuwa ni yake ilikuwa ya kaka yake akipiga randa, maranda yamemjaa kwenye nywele, mdomo wazi katikati ya utani. Ilikuwa na makosa. Bega moja lilikuwa juu kuliko lingine. Kaka yake aliizunguka, akaitazama kutoka karibu, akaitazama kutoka mbali.

"Dada," alisema, "hii haifanani na ya mtu yeyote."

"Mbaya?"

"Sijasema mbaya. Mimi nina pua kubwa hivyo?"

"Unayo."

Kaka yake alikwenda kutafuta mbao nzuri za fremu.