Nusu Saa ya Umande

Ukuta ulionekana kwa nusu saa tu kwa siku, na nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtia Sabiha wazimu.

Alfajiri, umande ulipokuwa bado umeushika udongo, ungeyaona matofali mabichi ya kale moja moja, safu juu ya safu, na udongo wa kuungia umekolea weusi katikati. Jua likipanda kidogo tu, basi. Kila kitu rangi moja, na mtu yeyote angekuapia kwamba kile ni kichuguu. Wageni waliochimba pale miaka arobaini nyuma waliamka wakanywa chai yao taratibu, wakapasua kuta tatu bila kujua, kisha wakaandika kwenye ramani: udongo mtupu. Na ramani hiyo ndiyo aliyokuja nayo Mhandisi Shawkat kutoka Baghdad. Mfereji mpya wa maji ungepita katikati ya kilima cha Umm Jidr, na matingatinga yangefika baada ya siku tano.

Sabiha alikuwa mwanamke wa kwanza Idara ya Mambo ya Kale kumpa kilima cha kuchimba. Kabla ya hapo walimfungia chini kwenye ghala miaka miwili, anahesabu vigae. Picha alizopiga za ukuta zilitoka kijivu kitupu, kama mtu kapiga ukuta wa choo. Alichohitaji ni jambo dogo sana, jamani: mhandisi asimame pale alfajiri, atumie macho yake.

Siku ya kwanza mhandisi alifika saa tatu na nusu, anafuta midomo.

"Samahani, Bi Sabiha. Sheikh Mizhir wa hapa kijijini, mwenyeji wangu, hakuniachia. Malai ya maziwa ya nyati, mkate wa moto, halafu kahawa, halafu kahawa tena. Haya, ukuta uko wapi?"

"Upo mbele yako."

Shawkat akatazama huku, akatazama kule. "Mimi naona udongo."

Siku ya pili alifika saa nne. Sabiha, kwa kukata tamaa, akanyunyizia maji. Mistari ikatokea imepindapinda, ikaanza kuchuruzika.

"Hapa umechora mwenyewe kwa maji," mhandisi akasema, si kwa ubaya. "Dada yangu, siwezi kusogeza mfereji wa serikali kwa sababu ya tope."

Sabiha alirudi hemani akaitupa kofia yake chini, akaikanyaga. Usta Khalaf, msimamizi wa wachimbaji, alikuwa amekaa mlangoni anainoa sululu. Huyu mzee wa mji wa Sherqat, ukoo mzima wachimbaji, aliweza kugonga udongo akakwambia kwa sauti tu kama pale pana tofali au kifusi. Yeye ndiye aliyemfundisha Sabiha kuona. Chuo kilimfundisha kuandika.

"Mfereji ukisogezwa, unapita wapi?" Khalaf akauliza bila kuinua uso.

"Upande wa magharibi. Kwenye ile mitende."

"Mitende ya nani?"

"Ya sheikh," Sabiha akaanza. Akaona yote kwa mpigo: yale malai, ule mkate, zile kahawa zisizokwisha. Sheikh hakuwa anakirimu mgeni, alikuwa anasubiri jua.

"Mshenzi!" akasema.

"Taratibu, binti yangu. Tunakula kwake."

"Basi kesho mhandisi atakula kwangu."

Siku ya tatu, kabla ya adhana, wanawake wa kijijini walikuwa wameshachoma mkate juu ya kilima, hatua kumi kutoka ukutani. Mgeni akialikwa hakatai, na sheikh mwenyewe asingeweza kumzuia mgeni asiende kwenye chakula. Shawkat akaja kukiwa bado na giza kidogo, anapiga miayo. Moyo wa Sabiha ukaruka kwa furaha. Kisha nyuma yake akamwona Sheikh Mizhir, mpole, anatabasamu, na mtumishi wake kabeba dele la kahawa.

"Binti yetu katoa mkate," akasema sheikh. "Aibu kwangu nisipotoa kahawa."

Wakaketi. Shawkat akaupa ukuta mgongo, maana sheikh alimwonyesha mto wa heshima, nao ulikuwa umewekwa hivyo. Na adabu ya kule haina mjadala: mgeni hazungumziwi shida mpaka ale, anywe, atosheke. Sabiha akajikaza. Nyuma ya bega la mhandisi matofali yalikuwa yametoka yote, safi, mazuri, mpaka alitamani kulia.

Mkate ukaisha. Mtumishi akamimina kahawa. Shawkat akanywa, akakirudisha kikombe. Kikamiminwa tena. Akanywa. Kikamiminwa cha tatu, cha nne. Jasho likamtoka maskini, na kahawa ile ni chungu kama shubiri. Mtoto wa mjini! Hakujua kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo kwa mkono, basi, mtumishi anaondoka. Wote pale walijua. Sheikh alijua kuliko wote.

Safu ya juu ikakauka, ikapotea. Ikafuata ya pili.

Kikombe cha sita kilipokuwa kinamiminwa, Sabiha akainuka, akakichomoa mkononi mwa mhandisi, akakitikisa yeye mbele ya uso wa mtumishi.

"Ametosheka! Bwana Shawkat, geuka!"

Shawkat akageuka. Akatazama, akasimama, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa udongo. Akahesabu kwa kidole, safu tisa, akiipoteza moja huku anahesabu.

"Ni ukuta," akasema. "Wallahi ni ukuta." Akatoa penseli, akaufuta mstari wa mfereji kwenye ramani, akachora mwingine magharibi. Kisha akamgeukia Sabiha kwa hasira ya kweli. "Yaani kutikisa tu? Siku tatu tumbo linaniwaka moto!"

Sheikh Mizhir alikuwa ameshasimama. Wala hakuitazama ramani.

"Umemnyang'anya mgeni kikombe changu mkononi," akamwambia Sabiha, na akashuka kilimani. Wachimbaji wote ishirini wakaweka makarai chini, wakamfuata, maana walikuwa watu wake.

Adhuhuri, Usta Khalaf naye akafunga mzigo.

"Hata wewe, Usta? Si wewe uliyeniambia?"

"Nilikwambia habari ya mitende. Sikukutuma uvunje heshima ya mtu niliyekula kwake miezi mitatu."

"Ningefanyaje, basi? Niambie wewe ungefanyaje!"

Mzee akaikaza kamba ya mzigo.

"Sijui, binti yangu," akasema. "Hilo ndilo linaloniudhi." Akamwachia sululu yake moja, ile ndogo, akaondoka.

Kesho yake alfajiri umande ulikuwa mzito. Ukuta ukatoka wote mpaka kwenye kona, na Sabiha akautazama peke yake. Akapiga vigingi, akachimba upesi upesi kwa sululu ya Khalaf, akifichua urefu wa mkono mmoja. Jua likapanda. Akagonga udongo, akatega sikio kama alivyomwona mzee akifanya, akagonga tena. Hakusikia tofauti yoyote. Akapiga hesabu: kwa nusu saa kwa siku, ukuta huu utamchukua miaka minne.

Akaiweka sululu chini, akaenda kuwasha moto wa chai.