Kofia Aliyoigawa kwa Adabu

Mahfoudha alikufa akaiacha sindano imechomekwa kwenye kitambaa. Mwenyewe alikuwa hospitali siku ile, na kofia iko nyumbani Sib, pembeni ya Maskati, juu ya kochi, lakini sindano ilibaki pale pale alipoiacha, na mumewe, Suud, hakuthubutu kuichomoa mpaka mwaka ukapita. Ilikuwa kofia ya viua, nyeupe kwa uzi wa rangi ya kahawa. Ukanda wa ubavuni ulikwisha wote. Duara la juu lilikuwa nusu: upande mmoja vitundu vilivyozungushiwa uzi, vidogo kama macho ya dagaa, na upande wa pili alama za penseli tu.

Suud alikuwa dereva wa gari la maji, sasa kastaafu, na ana ugonjwa wa sukari. Kusoma hakusoma sana, lakini alijua nani wa kulaumiwa. Foleni ya barabarani ni ya wakubwa. Bei ya kitunguu ni ya wakubwa. Joto la mwezi wa sita nalo lina mkubwa wake mahali fulani, amekaa ofisini na kiyoyozi. Kifo cha Mahfoudha alikuwa hajampata mkubwa wa kumbebesha, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Sasa binti yao wa pekee, Rawan, kaposwa, na ndoa imepangwa baada ya Sikukuu. Suud akaapa kwamba siku ya ndoa hakai mbele ya sheikh kumwozesha mwanawe ila kofia ile iwe kichwani. Ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wa Mahfoudha, na Mahfoudha hatakuwapo kwa namna nyingine yoyote.

Aimalizie nani? Rawan anafanya kazi benki na ana kucha ambazo hata mlango hufungulia kiwiko. Mafundi wa dukani, Suud hakutaka kuwasikia. Akasikia habari za Jumuiya ya Mkono kwa Mkono, nyuma ya soko la Sib, inayowafundisha ushoni na ususi wajane, walioachwa, na wengineo ambao dunia imewapa kisogo, kisha inawauzia kazi zao. Akaichukua kofia ndani ya mfuko wa mkate akaenda.

Jumuiya ilikuwa na vyumba viwili na bango kubwa kuliko vyumba vyote viwili. Mwenyekiti wake, Bi Bashayer, alikuwa mtu ambaye manukato yake hufika kwanza, yeye baadaye, na mpiga picha nyuma yake. Alimweleza Suud kwa upole kwamba wao hawapokei kazi ya kumalizia, wao wanajenga uwezo. Suud akamwambia yeye hataki kujengwa, anataka kofia.

Mwalimu wa ushoni ndiye aliyelikata jambo. Bi Bakhita huyo, mtu wa familia za Unguja kama Suud, kaachwa mara mbili na mara zote mbili kapika pilau. Aliigeuza kofia mkononi, akaitazama kazi ya Mahfoudha, akahesabu vitundu vyake kwa ncha ya ukucha. Kisha akairudisha ndani ya mfuko wa mkate.

"Bwana Suud," akasema, "kofia kaianza mkeo. Nikiimalizia mimi, kabla ya laasiri Sib nzima itauliza posa inaletwa lini. Na mimi waume nimeshawachoka. Kaa chini, shona mwenyewe."

Na kweli ndivyo ilivyo kwao: mwanamke humshonea kofia mumewe, au mchumba, au mwanawe, na mkono mgeni kwenye kofia ya mtu huzaa maneno. Suud alijua. Alitafuta wa kumlaumu kwa desturi ile, akakosa, kwa sababu walioiweka wameshakufa wote.

Bi Bashayer mwanzo alikataa kumwingiza mwanamume, kisha akakumbuka kwamba mwaka huu wafadhili wanauliza mbona hakuna wanaume. Suud akapata nafasi siku ile ile. Lakini chumbani wamo wanawake, hawezi kukaa nao, basi akawekewa kiti ukumbini kando ya birika la maji baridi, mlango ukaachwa wazi kidogo, na Bi Bakhita akawa anafundisha kwa kupiga kelele kupitia upenyo.

"Bwana Suud, unatoboa kitambaa au unachimba kisima?"

"Sindano zenu mbovu. Mkubwa wenu kanunua rahisi."

"Sindano ni zile zile za kila mtu. Vuta uzi taratibu, hilo si usukani wa lori."

Wanawake ndani wakicheka, na Suud ukumbini akijichoma. Kila aliyekuja kunywa maji aliinama kuangalia amefika wapi, akasema mashallah kwa sauti ambayo haikuwa na mashallah ndani yake. Alishona Shaabani nzima. Ramadhani alishona na njaa, na mishono ya siku zile ilijulikana, imekwenda upande kama watu wanaotoka tarawehe wakiwa na usingizi. Lakini siku tatu baada ya Sikukuu alifunga fundo la mwisho. Upande wa Mahfoudha ulikuwa kama umechapishwa kwa mashine, na upande wa Suud kama umeliwa na panya mwenye nia njema. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha gari, akalazimika kukaa mle kidogo kabla ya kuwasha.

Jumuiya ikafanya maonyesho. Mgeni wa heshima alikuwa Mholanzi, mkubwa wa kampuni moja yenye ofisi Ansab, aliyefika Maskati miezi miwili tu iliyopita na aliyekuwa akifikiria kutoa cherehani. Bi Bashayer alimsimamisha Suud mbele ya meza, kavaa kanzu na kofia yake, akamwambia atabasamu. Suud akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino na daktari wa serikali.

Mholanzi akaja, na pembeni yake Hisham, kijana wa Sib, karani wake na mfasiri wake. Akasimama mbele ya Suud. Akaitazama kofia, akazunguka nyuma akaitazama huko nako, na kupitia kwa Hisham akasema hajaona kofia nzuri kama hii tangu afike.

Hapa mtu yeyote aliyelelewa nyumba yenye adabu mdomo wake hujibu kabla ya akili. Ukisifiwa kitu, unasema: chukua, yako. Na aliyesifu anasema: wapi, kichwani pako ndipo inapopendeza. Basi, yamekwisha, kila mtu anabaki na chake na heshima yake. Suud hakuwa ameliwaza jambo hili tangu utotoni, kama mtu asivyowaza kupiga chafya. Akasema, "Chukua, yako." Na ili adabu iwe na uzito, akaivua kabisa akamnyooshea.

Mholanzi akaipokea kwa mikono miwili.

Akaibana kifuani. Machozi yakamlengalenga. Watu wakapiga makofi, mpiga picha akapiga picha, na Suud akabaki na upara wake na mkono mtupu hewani, akingoja neno la pili ambalo halikuja.

Rawan aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kisha alipoona baba yake hacheki, akaacha. Bi Bakhita hakuacha. Alisema yeye amewaambia "chukua" watu wote waliowahi kuzisifu bangili zake tangu ujana, na bangili hizi hapa, zinalia. Alisema tena kwamba kutoa kitu kisha kukidai ni aibu mbele ya watu na mbele ya Mungu ni aibu zaidi. Hilo Suud alilijua vizuri, na ndiyo maana alikuwa halali.

Alikwenda kwa Bi Bashayer amwombee. Bi Bashayer alishika kifua. Cherehani zimeahidiwa lakini mkono wa mtu haujatia saini. Atamwambiaje mfadhili arudishe zawadi? Asubiri kidogo, mwezi mmoja hivi, miwili. Suud akamwambia ndoa ni Alkhamisi. Bi Bashayer akasema wangeweza kumkopesha kofia nyingine nzuri zaidi, imenyooka pande zote. Suud aliondoka bila kuaga, na njia nzima mpaka nyumbani aliwatukana wenyeviti.

Jumatatu akaenda Ansab mwenyewe. Usiku alikuwa amepanga hila, na hila ilikuwa safi. Kudai hawezi. Lakini kusifu anaweza. Atakwenda kwa Mholanzi, ataisifu kofia, na Mholanzi, kama ni mtu, atasema chukua, yako. Na Suud, Mungu amsamehe, atachukua.

Hisham alimpokea mapokezi kwa "ami Suud, karibu ami Suud", akamwingiza. Kofia ilikuwa juu ya kabati, imevalishwa kikombe cha ushindi wa mpira. Suud aliona masikio ya kile kikombe yametoka huku na huku chini ya mishono ya mkewe.

Kahawa ikaletwa, ya kikombe cha karatasi. Suud akaanza. Akasema ile kofia pale ni nzuri sana. Hisham akafasiri. Mholanzi akasema ahsante.

Suud akangoja. Hakuna kitu. Akasema kofia kama ile haipatikani Maskati yote, wala Nizwa, wala Sohar. Mholanzi akafurahi, akasema kila mgeni anayeingia humuuliza, hasa habari za ule upande uliopinda, ambao yeye anaupenda zaidi. Suud akapita juu ya tusi lile. Akasema mtu mwenye kofia kama ile ni mtu mwenye bahati, na kwamba yeye mwenyewe, tangu aione pale, jicho lake halibanduki. Mholanzi akasema ahsante tena, akamjazia kahawa.

Suud akamgeukia Hisham, ambaye muda wote alikuwa akivitazama viatu vyake kwa makini. Hisham alijua kila kitu, mtoto wa Sib yule.

"Mwanangu," Suud akasema taratibu, "mwambie."

"Nimwambie nini, ami? Nikimwambia kwamba kwetu 'chukua' maana yake 'usichukue', leo hii ataanza kuuliza mikataba yetu yote ina maana gani."

Suud akakitazama kile kikombe chenye masikio. Maisha yake yote alikuwa amewasema wakubwa: barazani, dukani, garini peke yake. Kuwasema ni kwepesi. Lakini kumwangalia mkubwa usoni na kumwambia ninataka kitu, hilo hakuwahi kulifanya hata siku moja, hata hospitali siku ile, ambapo alikaa kwenye benchi akangoja aitwe. Aliweka kahawa chini.

"Basi usimwambie desturi. Mwambie hivi. Kofia ile kaianza mke wangu, akafa. Pale palipopinda ndipo niliposhona mimi. Alkhamisi namwoza mwanangu, na mama yake hana njia nyingine ya kuwapo. Naitaka. Aibu yangu nimeiona, lakini naitaka."

Hisham alifasiri. Ilimchukua muda, na katikati alisita, akafuta uso kwa ncha ya kilemba chake.

Mholanzi aliinuka, mwekundu mpaka shingoni. Aliivua kofia kwenye kikombe, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akamletea Suud kwa mikono miwili, vile vile alivyoipokea. Akasema neno moja refu. Hisham akafasiri: anauliza, kwa nini hukusema tangu mwanzo?

Suud aliivaa pale pale. Mholanzi akauliza kama ile kahawa aipashe moto. Akasema tena cherehani zitatolewa vile vile, na akamtakia binti heri ya ndoa.

Nje jua lilikuwa kali. Suud aliingia garini na kukaa. Alikuwa amejiandalia maneno ya njia nzima ya kurudi, makali na ya kupendeza, juu ya makampuni, Wazungu, wenyeviti na wizara zinazowapa vibali, na sasa hayana pa kwenda. Aliona kama ameibiwa. Akampigia simu Rawan.

"Nimeipata," akasema.

"Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Nimeomba, nikapewa."

Rawan akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama amepima sukari leo.