Mikono ya Kibegi

Kila kifaa kilicholetwa kutengenezwa dukani, kaka alikitikisa sikioni kisha akatangaza kwamba kitufe kimekufa. Baada ya hapo alimwachia mdogo wake, waliyemwita Koleo, na yeye kaka akatoka nje kupiga soga. Ubaoni, juu ya mlango, palikuwa na jina la kaka peke yake.

Asubuhi hiyo mshonaji wa jirani alileta mchezo wake wa video wa mkononi. Ulikuwa wa ajabu kidogo. Yule shujaa ambaye kila mtu alimjua kutoka kwenye michezo mikubwa hakuwemo. Alikuwemo msaidizi wake, Kibegi, anayembebea begi na kungoja nje mwenzake akipigiwa makofi. Safari hii alisimama peke yake mbele ya mlango uliofungwa, hasogei mbele wala nyuma.

"Kitufe," alisema kaka. "Koleo, ukiuweza huu kabla ya jioni, jina lako nalichora kwa rangi ubaoni."

"Ulisema hivyo kwa redio ya kinyozi."

"Ile ilikuwa redio."

Koleo alibadilisha kitufe, akakibadilisha tena. Saa ya chakula, chuma cha kulehemu kikiwa bado cha moto, Kibegi alimgeukia kutoka ndani ya kioo.

"Dada, kitufe ni kizima. Mikono yangu imejaa. Mlango nitaufunguaje?"

"Si uweke begi chini."

"Huku hakuna pa kuliweka. Waliochora walidhani sitahitaji."

Koleo alipitisha vidole kwenye kioo, akampokea begi lake. Lilikuwa dogo kama kiberiti, ila lilipotua mezani meza ilinesa, akaliteremsha sakafuni. Kibegi alijinyoosha mgongo hadi ukalia, akausukuma mlango kwa kidole kimoja, akaenda zake akipiga mluzi.

Mshonaji alipofuata mchezo wake, alimtazama Kibegi kiooni.

"Hapigani na mtu?"

"Anatembea tu," alisema Koleo.

"Afadhali. Hata mimi nimepumua."

Akamshukuru kaka, kwa kuwa jina la ubaoni lilikuwa lake. Kaka alizipokea shukrani kwa mikono miwili.

"Na ubao?" aliuliza Koleo walipobaki wawili.

"Rangi imekauka koponi, mdogo wangu. Haya, beba sanduku la vifaa twende."

Koleo alilibeba kila jioni, na bega lake la kulia lilikuwa limeinama kwa ajili hiyo. Leo aliliweka juu ya begi la Kibegi, pale sakafuni. Begi lilifunguka, likalimeza, likajifunga. Kaka aliinama kulinyanyua, likamshinda, akabaki ameinama.

"Sanduku langu je?"

"Limo humo, kaka."

"Na nani atalibeba?"

"Mwenye ubao."

Wakaliacha pale pale.

Asubuhi ubao ulikuwa umepakwa upya: jina la kaka, kwa herufi kubwa zaidi. Koleo alipita chini yake akipunga mikono yote miwili. Begi lilikuwa limeshafunguka lenyewe, vifaa vimepangwa. Alivuta kigoda akaanza kazi, mabega yake yakiwa sawasawa.