Kolekole Aliyerudi Kwenye Barafu

Muuguzi alisimama mbele ya meza ya samaki, akamtazama kolekole, akamtazama mwenye meza, kisha akasema hanunui.

"Leo hapana, Mama Mashavu. Na kesho pia usiniwekee."

Mama Mashavu alidhani ni utani. Muuguzi huyu alikuwa mteja wake tangu hajaolewa, hata ugomvi wake na mama mkwe wake alikuwa akija kuumwaga hapo mezani. Basi akainua samaki, akamfunua mashavu kwa kidole gumba ili mteja aone wekundu wa ndani, kama alivyomfanyia kila mtu kwa miaka ishirini na sita. Jina lake lilitokea hapo. Wageni walidhani anaitwa hivyo kwa mashavu yake mwenyewe, ambayo nayo hayakuwa haba, lakini watu wa sokoni walijua kwamba mama huyu hakuuzii samaki mpaka umechungulia ndani.

"Usinifunulie," muuguzi akasema. "Mume wangu kala samaki wako Jumamosi, pale mgahawani ufukweni. Katapika siku mbili. Dripu nimemtundikia mimi mwenyewe, kitandani kwangu. Sikutukani, dada. Ila samaki wako, basi tena."

Akaondoka zake hadi meza ya tatu, kwa yule jamaa anayewamwagia samaki maji kila dakika ili wang'ae, akanunua kwake. Kwa yule! Mama Mashavu alisikia damu inampanda mpaka masikioni. Angetukanwa mama yake mzazi asingeumia vile.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ule mgahawa ulipofunguliwa, binti yake ndiye aliyepewa jiko. Binti huyo alikuwa amesomea upishi kwa pesa ya samaki hao hao wa mama yake, na siku ya kwanza alimwambia bosi wake kwamba watu wa mji mzima wanaliamini jina moja tu la samaki. Bosi akalipenda. Likaandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni. Mwanzoni mgahawa ulichukua beseni zima kila alfajiri. Siku hizi walichukua samaki watatu. Alipouliza, binti alijibu kwamba wateja wamehamia kwenye kuku. Mama Mashavu akaamini, maana mtoto wako akikwambia kitu huendi kukipima kwenye mizani. Lakini kila alipopita pale adhuhuri, magari yalikuwa yamepangana hadi barabarani, na moshi uliotoka jikoni haukuwa wa kuku.

Samaki watatu, na mji mzima unatapika kwa jina lake.

Alifunga meza kabla ya saa tano, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyofiwa na mumewe. Akaenda nyumbani, akajisugua kwa ndimu mpaka harufu ya soko ikatoka, akavaa gauni lake la mahafali ya binti. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimkuta anahangaika na zipu.

"Wifi, unaolewa?"

"Naenda kula samaki wangu mgahawani. Vaa twende."

Njiani alimsimulia yote. Wifi alisikiliza, akapiga makofi, akamlaani mwenye mgahawa na ukoo wake. Kisha akauliza swali moja.

"Na mtoto je? Si ndiye anayepika?"

"Mtoto anapika anachopewa," Mama Mashavu alimkata, akaongeza mwendo.

Ubao ulikuwa pale pale mlangoni, umeandikwa vizuri kwa chaki nyeupe: SAMAKI WA MAMA MASHAVU. WAMEVULIWA LEO ALFAJIRI. CHAGUA MWENYEWE. Alilisoma jina lake mara mbili. Hakulisoma kwa fahari.

Ndani kulikuwa kuzuri, hilo hakulikataa. Meza zilitandikwa vitambaa vya buluu, feni zilizunguka taratibu, na upande mmoja palikuwa wazi hadi mchangani. Karibu kila kiti kilikuwa na mtu. Mhudumu aliyewapokea hakumjua. Yeye huleta samaki alfajiri kwa mlango wa nyuma, na aproni na mabuti, wahudumu wakiwa bado wamelala makwao.

"Karibuni mama zangu. Hapa kwetu mteja anajichagulia samaki wake. Hakuna ujanja ujanja."

Aliwapeleka kwenye sinia kubwa la barafu. Walikuwepo samaki watatu, na Mama Mashavu aliwajua wote kama wapangaji wake. Kulikuwa na tewa mdogo, changu mwenye doa, na kolekole ambaye alfajiri ile alijadiliana naye sana moyoni kama amlete au amwache, kwa sababu ncha ya mkia wake ilikuwa imeng'atwa, labda na samaki mwenzake, ikabaki pengo la mwezi mchanga.

"Huyu," akasema.

"Umechagua vizuri, mama. Huyu ndiye mtamu kuliko wote."

"Najua."

Mhudumu akamweka kolekole kwenye trei, akampitisha kati ya meza kwa madaha ili kila mtu aone, akaingia naye jikoni. Mlango ukajifunga. Mama Mashavu na wifi yake wakapewa meza karibu na ukuta, na wifi akaanza kuisifia chumvi kwa kuwa ilikuwa imewekwa kwenye kikopo kizuri.

Hazikupita dakika tano. Mlango wa pembeni, ule wa kwenda stoo, ulifunguka, mhudumu mwingine akatoka na trei iliyofunikwa kitambaa. Akainamia barafu kama anayeipanga, akapanga kweli, akanyunyiza maji, akaondoka. Sinia lilikuwa na samaki watatu tena.

Mama Mashavu alisogeza kiti ili aone vizuri. Aliona familia moja, baba, mama na watoto wawili, inainuka kwenye meza ya dirishani kwenda kuchagua. Watoto walibishana. Mdogo akashinda, akanyoosha kidole.

"Huyu mwenye mkia umelika!"

"Umechagua vizuri," mhudumu akamwambia. "Huyu ndiye mtamu kuliko wote."

"Wifi," wifi akaanza, "yule si..."

"Nyamaza kwanza. Nataka kuona wataniletea nini."

Wakamletea kolekole. Alikuwa amechomwa vizuri, amelazwa juu ya majani ya saladi, amemiminiwa ndimu na vitunguu saumu vya kutosha kuficha maiti. Mkia wake ulikuwa mzima, ncha zote mbili. Mama Mashavu aligusa ubavu kwa uma na nyama ikamomonyoka yote kwa pamoja, ikajimwaga sahani nzima. Samaki wa leo hafanyi hivyo. Samaki wa leo huachia kipande kimoja kimoja, kwa kukatalia kidogo mfupani. Akainama, akanusa chini ya ndimu. Huyu alikuwa ameganda, akayeyuka, akagandishwa tena, na muda huo wote hakuwa ameshikwa na mkono wake hata siku moja.

Alisimama, akaenda kwenye barafu. Akamkuta kolekole wake amekwisha kurudishwa kwa mara ya pili, bado anatiririka maji. Akamshika mkia na kichwa, akarudi naye kati ya watu, akamlaza juu ya kitambaa cha buluu, kando ya sahani.

"Jamani," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya sokoni, inayovuka lori linalonguruma. "Huyu nimemchagua mimi. Na wale watoto pale dirishani wamemchagua. Sijui nyie wengine mmemchagua mara ngapi tangu asubuhi. Mbona bado mbichi? Na hiki kilicho kwenye sahani ni nini?"

Vijiko vilitua. Mwenye mgahawa alitokea upesi, mwanamume mwembamba wa shati jeupe, tabasamu limetangulia mbele yake. Alimtambua kwa sauti.

"Mama! Mama yetu mwenyewe! Ungesema unakuja, ningekuandalia meza ya mbele. Twende ofisini tuzungumze."

"Ofisini kuna nini? Jina langu hukuliandika ofisini, umeliandika mlangoni. Tuzungumze hapa hapa."

"Mama, ni huyo huyo. Moto tu unambadilisha samaki."

"Moto wenu unaotesha mikia?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Wifi alicheka kuliko wote, akapiga na meza. Tabasamu la mwenye mgahawa lilikauka, naye akawageukia wateja.

"Ndugu wateja, samahani kwa usumbufu. Mama huyu ana malalamiko ya biashara na mimi, hayo tutayamaliza. Ila kuhusu chakula, msitie shaka. Mpishi wetu mkuu ni binti yake wa kumzaa. Kuna mtoto atakayepika uchafu kwa jina la mama yake? Mwiteni."

Mama Mashavu alishukuru moyoni. Mwite, alijisemea, umwite mwenyewe, uumbuke. Alimngoja mtoto wake atoke na mshangao usoni, aulize kuna nini, aangalie sahani, amgeukie yule mwanamume. Hasira zake zote alikuwa amezipangia foleni nyuma ya mshangao huo.

Binti alitoka amevaa koti jeupe na kofia. Alimwona mama yake, akaona kolekole mbichi juu ya kitambaa, na hakushangaa hata kidogo. Alipauka.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Tutaongea nyumbani."

Tutaongea nyumbani! Kwa hiyo kulikuwa na la kuongea. Mama Mashavu alishika kiti. Hasira iliyokuwa ya yule mwanamume iligeuka, ikamkuta mwanawe amesimama hapo na vifungo vyake vilivyong'aa, na ilikuwa kali mara mbili kwa sababu ilikuwa na aibu ndani yake. Kuku! Alimwambia watu wamehamia kwenye kuku, akala chakula cha mama yake usiku ule ule, akalala.

"Ulijua?"

Binti akavua kofia yake.

"Nakuuliza wewe. Ulijua unawalisha watu nini kwa jina langu?"

"Shangazi, mwambie mama tuondoke hapa," binti akamwambia wifi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, wifi alinong'ona: "Mwanangu, na wewe?"

Mwenye mgahawa alichukua uma mezani, akauchota ule ubavu uliomomonyoka, akampa binti. Alikuwa mpole sana.

"Maneno ya nini? Mpishi, onja. Waonyeshe wateja. Ukishakula, mama ataridhika, na sisi tutarudi kazini. Wewe na mimi."

Lile neno kazini alilitamka polepole. Kila mtu alilielewa, hata watoto wa dirishani, ambao chakula chao kilikuwa kimefika na walikuwa wameshika uma hewani.

Binti aliutazama uma. Mama Mashavu alijua anachopima. Alijua chumba walichopanga, alijua miaka ya chuo, alijua kwamba mji ule haukuwa na jiko jingine la kumpa mwanamke koti jeupe. Kula basi, alimwambia kimoyomoyo, kwa uchungu. Kula kazi yako. Nitazame machoni ule.

Binti akala.

Alitafuna akimtazama mama yake. Alitafuna mara moja, mara mbili, midomo imebanwa. Macho yakamjaa maji. Nyuma kabisa ya ukumbi mtu akaanza kukata nyama yake tena, na mwingine akamfuata. Mwenye mgahawa alivuta pumzi. Imekwisha, Mama Mashavu aliona. Kesho ubao utaandikwa upya na kila aliyekuwa humu ndani atakwenda kusema kwamba hata mwanawe alikula.

Kisha aliona koo la binti yake linakataa. Lilipanda, likasimama, halikushuka. Alikuwa mpishi, na ulimi wake ulifundishwa na mama muuza samaki kujua kitu kilichooza kabla meno hayajakutana. Alikuwa anajilazimisha kuugua mbele za watu.

Mkono wa Mama Mashavu ulinyooka wenyewe, kiganja juu, ukasimama chini ya kidevu cha mwanawe. Hasira ilikuwa bado imemjaa tele. Kiganja hakikuiuliza.

"Tema," akasema.

Binti alitikisa kichwa, mdomo umefungwa.

"Meza," mwenye mgahawa akasema, safari hii bila tabasamu lolote.

"Nimesema tema, we mtoto! Hiyo si ya kumeza. Tema hapa."

Binti alimtazama bosi wake, akamtazama mama yake. Akainama, akatema kiganjani mwa mama yake, akabaki ameinama hivyo hivyo.

Mama Mashavu alifumba kiganja. Kwenye meza ya dirishani yule baba aliwapokonya watoto uma, akasukuma sahani mbali. Meza ya jirani ikafanya hivyo hivyo, na ya nyuma yake, mpaka hapakuwa na mtu aliyekuwa akila.